Bango la Igawa

Lori la mafuta lilipinduka Jumanne mchana, kwenye kona iliyo mbele kidogo ya Igawa, barabara ya kwenda Rujewa. Dereva alitoka mzima, akajipangusa vumbi, akaomba maji ya kunywa. Dizeli ikateremka taratibu hadi kwenye mfereji unaomwagilia mashamba ya mpunga. Watu wa Kipepeo Petroli, wenye lori, walifika kesho yake na fulana zao za kung'aa, wakapiga picha, wakaahidi kurudi kuuondoa udongo wote ulioloa. Wiki tatu zikapita. Ng'ombe wakifika mferejini walinusa, wakageuka.

Damari Kalinga, katibu wa chama cha wamwagiliaji, alikuwa mzaliwa wa Ilula, Iringa. Aliolewa Rujewa na hakuondoka hata baada ya mumewe kufariki. Kitalu chake cha mpunga kilikuwa kimeanza kugeuka njano, na msimu ulikuwa unakimbia.

"Barua tumeandika, simu tumepiga," aliwaambia wenzake mkutanoni. "Sasa tuwaguse panapouma. Hakuna kununua hata tone kwenye kituo cha Kipepeo. Pawatila za kulimia, pikipiki, mashine za kukoboa, zote zikanywe kwa Saulo."

Wakapiga makofi. Jambo lenyewe lilikuwa jepesi, maana pale Igawa vituo viwili vinatazamana. Kimoja kina bango refu la Kipepeo na kinaendeshwa na Anwari. Kingine ni cha Saulo, hakina bango wala rangi. Kuanzia asubuhi yake Saulo alikuwa na foleni, na Anwari alikuwa na muda wa kumwagilia maua.

Hilo lilimkwaza Damari. Anwari alikuwa rafiki wa marehemu mumewe, na wameitana shemeji miaka ishirini. Kila alipopita na dumu lake, Damari alijifanya anatazama mabasi.

Siku ya tisa, akiwa kwenye foleni ya Saulo, lori likaingia kujaza matangi ya kituo. Ubavuni lilikuwa na kipepeo mkubwa wa rangi ya chungwa.

"Saulo! Hili linafanya nini hapa?"

"Linashusha mafuta, mama. Kwani ulidhani nayachimba hapa nyuma? Sisi wadogo wote tunanunua kwao. Wiki hii nimeagiza mara mbili, wamefurahi mpaka wakanipa kalenda."

Foleni nzima ikacheka. Philbert, mwenye mashine ya kukoboa, alicheka hadi akakalia dumu lake. Damari naye alicheka, kisha akaanza kuhesabu. Siku tisa wamekuwa wakiwaadhibu Kipepeo kwa kununua mafuta yao yaleyale!

Akaliacha dumu kwenye foleni, akavuka barabara.

"Karibu, shemeji," alisema Anwari bila kuacha maua yake. "Nilijua utakuja, ila sikujua lini."

"Nimekukosea."

"Umenimaliza! Kampuni wala haijui kama kuna mgomo. Mimi ndiye niliyewaambia wafanyakazi wawili wapumzike nyumbani." Akafunga maji. "Ungeniuliza ningekwambia. Mafuta nikiuza, nisiuze, hawanipigii. Wao shida yao bango. Taa moja ikiungua, simu inaita kutoka Mbeya kabla sijamaliza chai. Mabasi ya Tunduma, malori ya Zambia, wote wanapita hapa wakilitazama."

Damari akainua macho. Kipepeo alikuwa juu kabisa, safi, mabawa wazi.

"Lina urefu gani?"

"Shemeji! Na mkataba wangu?"

"Nimeuliza tu."

Anwari akatazama upande wa mfereji. Mama yake, bibi Mwanaidi, alikuwa na ekari mbili mwisho wa mfereji uleule. "Mama kaniuliza jana," alisema hatimaye, "kama mwaka huu tutakula mchele wa dukani." Akapangusa mikono kwenye suruali. "Ngazi iko nyuma ya ofisi."

Philbert ndiye aliyepanda. Wakalifunika bango kwa maturubai mawili ya kuanikia mpunga, na juu yake wakaandika kwa rangi nyekundu: TUTALIFUNUA MFEREJI UKISAFISHWA. Kabla ya saa sita abiria walikuwa wanachungulia madirishani na kupiga picha. Esta, dada yake Damari, akapiga simu kutoka Iringa: "Mmefanya nini huko? Picha yenu imefika mpaka kwenye grupu la kwaya yetu!"

Kesho yake Bartholomeo, meneja wa kanda, akafika kutoka Mbeya. Damari hakubishana naye. Alimpeleka mferejini, akamwacha asimame hapo mpaka akaziba pua mwenyewe.

"Mama, tuelewane," alisema meneja. "Mgomo wenu haujatugusa. Mauzo ya Igawa hayajashuka hata lita."

"Tunajua. Kalenda tumeiona."

"Basi funueni bango. Mkurugenzi anapita hapa Ijumaa."

"Ijumaa?" Damari alitabasamu kwa mara ya kwanza wiki hiyo. "Basi una mpaka Alhamisi."

Mtambo wa kijiko ulifika Jumatano, ukachimba siku mbili, na udongo mweusi ukasombwa kwa malori. Ijumaa asubuhi maturubai yakashuka. Kampuni ikatangaza kwamba kazi ile ilikuwa kwenye ratiba tangu mwanzo. Anwari alipewa barua ya onyo lakini kituo akabaki nacho. Wengi waliwahi kuotesha vitalu vipya. Wachache, akiwemo mzee Zabron, walikuwa wamechelewa na msimu ukawapita. Damari alikwenda kumpa pole mwenyewe.

Kitu ambacho hakuna aliyekitarajia ni kwamba wateja hawakurudi kwa Anwari. Saulo alikuwa ameweka benchi na chai ya tangawizi.

"Mgomo umekwisha, jamani!" Damari aliwaambia.

"Tutarudi, mama," walimjibu, wakaendelea kunywa chai.

Kuwaondoa kulichukua mkutano mmoja. Kuwarudisha, mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba, kulimchukua muda mpaka watu wakamaliza kupandikiza mpunga. Wa mwisho alikuwa Philbert. Damari alimvizia njiani, akapanda kwenye tela la pawatila yake bila kualikwa, akakaa juu ya madumu matupu.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Igawa, pamoja na wewe. Na tukifika, utakata kushoto, kwa Anwari."

Philbert akacheka, akakata kushoto.