Injini za Bure

Siku Dominika aliponiambia ametengeneza injini, nilimwuliza itasaga ulezi au mahindi tu.

Alicheka mpaka akakaa chini, binti mzima wa miaka ishirini. Kumbe injini hiyo hainywi dizeli wala haitoi moshi. Inakaa ndani ya kompyuta, na kazi yake ni kucheza chesi, ule mchezo wa mfalme na malkia na farasi. Akaniletea ubao, akanifundisha. Mimi niliishia darasa la nne kule Kaengesa, lakini kwa drafti ya vizibo vya soda nimewafunga wanaume wengi, na wengine mpaka leo hawanisalimii. Injini yake aliipa jina Panzi. Tulicheza mara kumi, nikaifunga mara mbili. Mara moja ilimtoa malkia wake yenyewe, bila kuombwa, kama mtu anayemrushia mbwa mnofu.

"Mjukuu wangu," nikamwambia, "injini yako ni jinga."

"Ndiyo, bibi. Lakini ujinga wake wote nimeuandika mwenyewe."

Aliuandika mwaka mzima na nusu, kwenye kompyuta kuukuu yenye kioo kilichopasuka, tangu alipomaliza shule na kukosa chuo kila alipoomba. Sasa ikaja nafasi moja, moja tu kwa Ufipa nzima: mwaka mmoja Dodoma wa kujifunza kutengeneza programu, kula na kulala juu ya chuo chenyewe. Sharti lao, uwe umetengeneza injini ya chesi kwa mkono wako. Waliojitokeza walikuwa wawili, Dominika na Stanley.

Stanley ana kibanda cha kutengeneza simu karibu na stendi. Nina kinyaa naye tangu aliponirudishia simu yangu vitufe vimejaa mafuta ya chipsi, halafu akaniambia ndiyo inavyotakiwa, ili viteleze. Injini yake aliiita Dume la Rukwa. Nilipomwuliza ameitengeneza kwa muda gani, akajibu, "Wiki mbili tu, bibi. Kichwa changu ni chepesi." Hapo nilimwamini.

Mpimaji alikuwa Mwalimu Andwele, kijana wa Mbeya anayefundisha kompyuta hapa mjini. Jumamosi asubuhi tukakusanyika darasani kwake, wazazi, majirani na wanafunzi wachache, na upepo wa Juni unapita madirishani kama una hasira na sisi. Mimi nilikuja na ndoo yangu ya togwa. Sina mkutano nisiouletea togwa.

"Shikamoo, bibi Klementina," akaniamkia mwalimu.

"Marahaba. Haya, mnapimaje hizo injini? Kwa debe?"

"Kwa mapigano, bibi. Iko injini moja ya bure mtandaoni, kali kuliko binadamu yeyote. Kila anayetaka anaruhusiwa kuichukua. Hicho ndicho kipimo chetu. Kila moja itacheza nayo michezo arobaini, nusu kwa nyeupe, nusu kwa nyeusi, kwenye kompyuta hii hii, kwa muda ule ule. Asiwepo wa kulalamika."

"Ya bure?" nikasema. "Maana kwetu bure ziko mbili. Kuna kitu bure, na kuna mtu bure."

"Hii ni bure ya kwanza, bibi."

"Tutaona."

Kabla ya michezo, mwalimu aliziwekea injini zote tatu ubao mpya, akaziamuru zitazame hatua kumi na mbili mbele. Kila moja ilipomaliza, chini ya kioo ilitokea hesabu ya nafasi ilizozipekua. Ile ya kipimo, tarakimu zake za mwisho zilikuwa 447. Nikaishika, kwa kuwa kadi yangu ya kliniki ya macho ni namba 447. Panzi ikaleta hesabu yake, ndefu kama deni la harusi. Halafu Dume la Rukwa. Nikavaa miwani. Nikaivua, nikaipangusa kwa khanga, nikavaa tena.

Mwanamke aliyepika pombe ya ulezi miaka thelathini hapigi kelele kabla ya kuonja.

Panzi ikaanza. Mungu wangu. Michezo arobaini, ikafungwa arobaini. Malkia alitupwa, farasi alipotea njia, mfalme alitoka nje kama mlevi anayetafuta choo. Watu walianza kwa kucheka, baadaye wakageuza macho dirishani. Dominika alikaa akivuta uzi wa sweta yake mpaka mkono ukaanza kufumuka.

Ikaja zamu ya Dume. Sare. Sare. Sare. Ilishinda mmoja, ikapoteza mmoja, thelathini na nane sare. Stanley akapanda juu ya dawati na viatu vyake vya matope, akacheza kiuno.

"Mmeona, washikaji? Imetoshana na kali ya dunia nzima! Kutoka Sumbawanga hii hii!"

Akampiga Dominika begani. "Pole, dada. Panzi ni chakula cha kuku."

Na Mwalimu Andwele alikuwa ameshafungua kalamu, fomu ya Dodoma iko mbele yake.

"Mwalimu," nikasema, "usiandike na koo kavu. Kunywa kwanza."

Nikachota kikombe. Desturi ni mpikaji aonje kwanza, nikaonja, kisha nikampa. Akanywa, akakunja pua.

"Bibi, hii togwa si yako."

"Ni yangu."

"Hii ni ya mama Bertilla. Moshi huu naujua."

Darasa zima likacheka. Bertilla ni jirani yangu, na hakuna asiyejua kwamba kimea chake lazima akiunguze. Mwenyewe alikuwa nyuma kabisa, akaitikia, "Si yangu hiyo? Alfajiri kaja kuniomba, kasema yake imeharibika!"

"Ni yangu," nikasema. "Soma ndoo." Ndoo imeandikwa KLEMENTINA kwa rangi nyekundu, herufi kubwa.

"Ndoo ni yako, bibi," akasema mwalimu akicheka. "Togwa ni ya Bertilla."

"Kumbe ulimi unao. Na macho je? Hesabu ya Dume la Rukwa iliishia ngapi?"

Akaacha kucheka. Akarudi kwenye kompyuta, akaweka ubao ule wa mwanzo, kipimo upande huu, Dume upande ule. Hesabu zikatoka, tarakimu kwa tarakimu, sawasawa. Akaweka ubao wa mchezo uliofika katikati. Sawasawa. Akaweka wa tatu, wamebaki wafalme na askari wadogo wawili tu. Sawasawa.

"Stanley," akasema polepole, "injini mbili tofauti hazipekui nafasi sawasawa hivi. Nionyeshe ulipoandika jinsi farasi anavyokwenda."

Stanley akashuka dawatini. Akafungua, akashusha maandishi, akapandisha, akashusha. Jasho lilimtoka kwenye baridi ile. "Hapa kuna... hii sehemu mshikaji wangu alinisaidia."

"Na mfalme?"

"Mwalimu, lakini si ni ya bure? Si umesema mwenyewe kila mtu achukue?"

"Kuchukua, ruksa. Kufuta jina la waliotengeneza na kuweka lako, hapana."

"Dominika," akaita, "farasi wako?"

Dominika hata hakukaa chini. Akafungua kompyuta yake kuukuu, akainama, akagusa kioo kilichopasuka. "Huyu hapa. Hapa mfalme. Na hapa..." akasita, "hapa ndipo Panzi anapomtoa malkia wake. Nimetafuta kosa miezi mitatu, sijalipata."

Mwalimu akavuta kiti, wakainamiana wote wawili. Baada ya muda akasema, "Umeweka alama ya kutoa pahali pa kujumlisha. Panzi anadhani kumpoteza malkia ni faida." Dominika akajipiga paji la uso. Ndipo mwalimu akachukua kalamu akaandika jina la mjukuu wangu kwenye fomu. Kwenye ubao wa darasa, walikoandika matokeo, bado kulisomeka Panzi sifuri, na hakuna aliyefuta.

Nilidhani Stanley atatoka kwa mlango wa nyuma. Hapana. Alikuja kwangu, akashika kikombe kwa vidole vyake vile vya mafuta ya chipsi, akakizamisha ndani ya ndoo mpaka vidole vikaingia. Akanywa. Akafuta mdomo kwa mkono, akazamisha tena. Sikuweza kuitazama tena togwa ile.

"Tamu, bibi," akasema. "Unauza shilingi ngapi?"

Nikamtazama kuanzia viatu vya matope mpaka usoni.

"Bure," nikamwambia.

Akanishukuru sana, akachota cha tatu.