Mbegu Ndani ya Pamba

"Hakuna kitu, mama. Enda nyumbani," alisema Daktari Dramadri huku akinawa mikono.

Léontine hakushuka kitandani. "Iko. Mimi nasikia yeye."

Odile, binti yake, aliona haya. Ilikuwa mara ya pili mwaka huo wa 1974 kufika katika zahanati hiyo ya Arua, na mara ya pili daktari kulipapasa titi la mama yake asipate kitu. Lakini alimjua mama yake. Tangu walipovuka kutoka Kongo walikuwa wakishona magodoro ya pamba, wakiyauza hadi Koboko, na hakuna mbegu iliyosalia ndani ya pamba iliyowahi kuviponyoka vidole vya Léontine.

Akameza haya yake, akatoa kikapuni mto mdogo alioushona asubuhi ile.

"Daktari, ndani ya hii iko mbegu moja. Tafuta."

Daktari nusura acheke. Hata hivyo akauminya, akaugeuza. "Hakuna."

Léontine akaupokea, akafumba macho. Kidole kikatembea, kikasimama. Odile akauchana kwa wembe palepale. Mbegu ikadondoka sakafuni.

Daktari aliinama akaiokota. "Mama," akasema, "nikisema hakuna, maana yake mikono yangu haijapata. Nilipaswa kukuambia hivyo toka mwanzo. Onyesha mimi."

Léontine akalala ubavu, akainua mkono, akavishika vidole vya daktari na kuviongoza ndani kabisa, karibu na kwapa. Uso wa Dramadri ukabadilika.

Jibu la vipimo lilitoka Kampala: saratani, bado changa. Odile alibubujikwa na machozi.

"Unalia nini?" mama yake alimkemea. "Sasa iko na jina. Kitu yenye jina, mutu anaweza kupigana nayo."

Titi likakatwa. Kwa wiki nyingi mkono ulikataa kupanda juu ya bega. Kila asubuhi Léontine alisimama mbele ya ukuta akiutambaza juu, akiuma meno, na Odile akichora mstari wa mkaa pale vidole vilipofika. Ule wa mwisho Odile aliuchora akiwa amepanda kigoda.

Jumapili moja ya mwaka 1977, kengele za kanisa la Ediofe zilipokuwa zikilia, Léontine aliwapita wanawake wengine mlimani, kitenge kikipepea upande uliobaki bapa. Odile alivua viatu, akavishika mkononi, akaanza kumkimbilia.