Jibu la Tisa

Mimi ndiye Dada wa Wote. Usicheke. Nina miaka thelathini na minane, ndevu, na kitambi kinachokuja pole pole, na kila siku ya kazi mamia ya watu hunifungulia mioyo yao wakidhani mimi ni yule mwimbaji mwenye vishimo mashavuni, ambaye picha yake imebandikwa hadi kwenye mlango wa kinyozi. Yeye mwenyewe nimemwona mara moja tu. Alikuja ofisini, akauliza choo kiko wapi, akaondoka.

Ofisi ni chumba kimoja juu ya duka la magodoro. Tuko watatu na Msimamizi. Watu wanamtumia Dada shida zao kwa simu, sisi tunajibu kwa niaba yake, na kila mmoja wetu anatakiwa kumaliza ujumbe mia nne kwa siku. Ujumbe huja bila jina wala namba, na mtu akishajibiwa na mmoja wetu harudi kwa mwingine. Nani ataandika barua mia nne? Kwa hiyo yapo majibu ishirini na mawili, yamebandikwa ukutani kwa namba. Unasoma mistari miwili ya kwanza, unabonyeza namba, unahamia kwa mwingine. Anayetaka kuwa mwimbaji, la tatu. Aliyefiwa, la kumi na nne. Anayeishi na mtu anayemuumiza, la tisa. Yote niliyatunga mimi, wiki moja ya mvua, huku nikiwaza chakula cha mchana.

Kidole kikibonyeza, akili inazurura. Kwa nini kidole cha mwisho cha mguu kina kucha, kazi yake nini? Kama nisingezaliwa, kiti hiki angekikalia nani, na angelalamika kwamba kinayumba? Jibu la kwanza pale ukutani linawaambia watu wajitambue. Siku moja nikaona nami nijaribu, isiwe mganga hajigangi. Nilijitafuta tangu saa nne hadi saa sita, nikamkuta mtu anayewaza soksi. Sikuhuzunika. Hilo ndilo lililonishangaza kidogo, kwamba sikuhuzunika, halafu mshangao nao ukaisha.

Huko nje Dada akisema rangi ya mwaka ni kijani, mtaa mzima unapaka milango. Mama yangu alibadilisha mapazia. Mama yangu! Mwanamke ambaye kwa maneno yake mwenyewe aliwahi kuwafukuza mganga na daktari siku moja. Mimi nilimwambia miezi mitatu kwamba bomba la jikoni linavuja, akaniambia bomba ni lake na maji ni yake. Dada aliposema nyumba yenye kuvuja huvujisha baraka, fundi alikuja kesho yake. Kazi yangu sikuwahi kumwambia, maana tulitia saini karatasi ya kutunza siri. Nilimwambia naingiza namba kwenye kompyuta, na hapo sikudanganya.

Basi Ijumaa moja nikarudi nyumbani, jua bado liko juu, nikamkuta sebuleni anakunja nguo na kuzipanga kwenye begi. Cherehani yake ilikuwa imefungwa kwa shuka na kamba.

"Kesho naenda kwa mjomba wako," akasema. "Kuishi."

"Sawa," nikasema.

Akaacha kukunja. Akanitazama kwa muda, akatikisa kichwa, akaendelea.

Sikumaanisha sawa. Sikumaanisha chochote, mdomo ulijiendea. Nikakaa kwenye kiti changu, nikamuuliza imekuwaje.

"Nimemwandikia Dada wa Wote, na amenijibu. Yeye mwenyewe! Sikiliza." Akavaa miwani, akaisogeza simu mbali na macho, akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma msikitini au kanisani: "'Kipenzi changu, jiwe halioti hata ulimwagilie mwaka mzima. Fungasha moyo wako, nenda unakopendwa.' Umeona? Hata hanijui, lakini amenijua."

La tisa.

Nikamwomba simu nione alichoandika. Akasita, kisha akanipa, akageuka kuangalia ukuta. Nilisoma hivi:

"Dada yangu mpendwa, mimi ni mjane, naishi na mwanangu wa kiume. Naumia. Hanipigi, hanitukani, ananilisha. Lakini mwaka wa pili huu akirudi kazini anakaa kwenye kiti chake kama abiria. Nilivunjika jino nikamwonyesha, akasema sawa. Nikamwambia nimemwota baba yake, akasema sawa. Siku moja nikaacha makusudi kumpikia, nione angalau atagomba. Akalala na njaa, akasema sawa. Nimemkosea nini? Mtoto huyu alikuwa na kelele mpaka majirani walilalamika. Niondoke au nivumilie?"

Ujumbe uliingia Jumatano, saa tano na dakika kumi asubuhi. Chini yake jibu, saa tano na dakika kumi vilevile, na mwishoni alama ndogo ya kompyuta yangu. Mistari miwili ya kwanza: mjane, mwanangu, naumia. Nilikuwa nimebonyeza mimi, kwa kidole hiki, bila kufika kwenye jino.

Ungetegemea moyo ushtuke. Ukweli ni kwamba nilisoma mpaka mwisho na nikawaza, huyu jamaa ana matatizo. Nilimwonea huruma mama wa watu. Ilinichukua muda kukumbuka jino lenyewe: la juu, upande wa kushoto, alilishika kiganjani kwenye kitambaa. Nilikuwa nimeliona na nimesema sawa. Nilijigusa kifua, kama mtu anayetafuta kalamu mfukoni. Ganzi tupu.

Asubuhi mjomba alifika na pikapu aliyoazima, akapiga honi mara tatu kana kwamba sisi ni viziwi. Ni kaka yake mama, mtu wa maneno mengi. "Mjomba!" akaniita. "Shika upande huu wa cherehani, usisimame kama nguzo." Nikashika. Tulipoipakia nikarudi ndani haraka. Mama alikuwa anafunga zipu ya begi.

"Mama, yule Dada ni mimi."

"Dada yupi?"

"Aliyekujibu. Ndiyo kazi yangu. Jibu lile nilibonyeza tu, sikusoma. Ni kosa. Usiende."

Alicheka, kicheko cha kweli, pengo likaonekana. "Wewe? Yule ananiita kipenzi. Wewe mara ya mwisho kuniita chochote lini? Acha utani wa wivu, baba."

"Kweli tena. Usiende, mama."

"Kwa nini nisiende?"

Hilo lilikuwa swali jepesi. Mtoto wa darasa la kwanza angelijibu. Nilijua kwamba ningesema neno moja langu, moja tu, angeliweka begi chini. Alikuwa amesimama akilingoja, mkono uko kwenye mpini. Nikajitafuta ndani haraka haraka, kote. Mdomo ukafunguka, na hiki ndicho kilichotoka:

"Kipenzi changu, moyo hauhami na vyombo vyote. Kuna kimoja hubaki nyuma, na hicho ndicho utakachokililia."

Mama hakucheka tena.

"Hayo nilijibiwa mimi," akasema pole pole. "Mwaka jana. Nilipouliza kama nizigawe nguo za baba yako. Sikumwonyesha mtu." Akanitazama usoni, jicho moja kisha la pili. "Kumbe ni wewe kweli."

"Ni mimi."

"Na baba yako pia ulimbonyeza?"

Nje mjomba alipiga honi. Mama akachukua begi, akanipita mlangoni bila kunigusa, akapanda pikapu. Mjomba akauliza, "Mbona mnanuniana?" Nilibaki barazani hadi pikapu ilipokata kona, kisha nikaingia ndani, nikakaa kwenye kiti kile, nikasema sawa kwa sauti, nisikie inavyosikika. Inachukiza.

Jumapili nilimpigia mara nne. Simu iliita, haikupokelewa.

Jumatatu nikaenda kazini, ningeenda wapi? Nikabonyeza. La tatu, la saba, la tatu, la kwanza. Kama saa tatu na nusu hivi ukaingia ujumbe wa mama. Safari hii nilisoma neno kwa neno.

"Dada wa Wote, hujambo. Nimefika salama kwa kaka yangu. Nimewaza sana nikakasirika, kisha nikachoka kukasirika. Hapa nyumbani kwake wanaongea wote kwa pamoja, hakuna anayesikiliza. Nilitaka kupokea simu ya mwanangu nikaogopa atanyamaza. Kwa mdomo hawezi. Labda kwa vidole ataweza. Nimeamua nitakuwa nakuandikia wewe hivi hivi, na nitajifanya sijui ni nani. Ila usinibonyeze tena. Niulize jambo."

Kuna kitu kilinikaba kooni. Nisitie chumvi: kilikuwa kidogo, kama unga uliokwenda njia isiyo yake. Lakini kiliuma, na nilifurahi kwamba kiliuma.

Niulize jambo. Jambo gani? Mikono ilikaa juu ya kibodi kama ya mgeni mezani. Mwishowe nikaandika:

"Pengo la jino bado linauma?"

Jibu halikukawia. "Pengo limepona. Sasa jino jirani yake ndilo linacheza."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa tatu."

"Mbona hukusema?"

Hapo alikawia. Nilitazama kioo, sikuwaza kucha wala soksi. Kisha likaingia: "Nilisema."

Nikaomba radhi. Nikamuuliza linacheza sana au kidogo, na kama anatafunia upande mmoja, na kama mjomba ana daktari wa meno karibu, na kama ni kweli nilikuwa mtoto wa kelele. Kwa lile la kelele aliandika mistari kumi na minane, nami niliisoma yote, na sehemu nyingine zilihusu mtu nisiyemkumbuka.

Msimamizi akapita nyuma yangu na daftari lake, akainama kutazama kioo.

"Saa tano hii, wenzako wamepita mia. Wewe bado uko kwa huyu mmoja?"

"Bado."

"Ana shida gani kubwa hivyo?"

"Ana mtoto," nikasema, nikaendelea kuandika.