Kikaango cha Pili

Sokoni walimwita Mama Pua, tena kwa heshima. Pilipili kavu za sosi yake hakuzipima kwa saa wala kwa rangi. Alizikaanga bila mafuta, amefumba macho, na harufu ya vumbi ilipogeuka kuwa tamu alizitoa motoni papo hapo. Ukiwahi, sosi inakosa nguvu. Ukichelewa, inakuwa chungu, na hakuna siki wala sukari ya kuiokoa. Kazi hiyo hakumwachia mtu. Mke wa mwanawe, mwaka wa saba sasa katika nyumba ile, alikuwa bado wa kutwanga, kuchekecha na kuosha chupa.

Asubuhi hiyo mpishi mkuu wa hoteli alikuwa ameketi sebuleni, nyuma ya pazia la jikoni. Alikuja kuionja sosi ikitoka motoni. Ikimpendeza, chupa za Mama Pua zingekaa kwenye kila meza ya hoteli yake.

Mkaza mwana alisimama kando ya kinu, roho juu. Tangu yale mafua ya mwezi uliopita, mama mkwe hanusi. Hakusema, na nani angethubutu kumuuliza? Lakini juzi maziwa yaliungua hatua mbili tu kutoka alipoketi, nyumba nzima ikanuka, naye akaendelea kushona kifungo huku akiimba.

Sasa pilipili zilikuwa motoni. Harufu ya vumbi ikaisha, ikaja ile tamu. Mkaza mwana akaungoja mkono wa mama mkwe usogee. Haukusogea.

Aseme? Mgeni angesikia, na kumwambia Mama Pua mbele ya mgeni kwamba pua yake imekufa ni sawa na kumvua nguo. Anyamaze? Basi hoteli ndiyo imekwenda. Miaka saba aliomba kimoyomoyo mama huyu akosee japo mara moja tu. Siku yenyewe imefika, na hakuona raha hata chembe.

Alipokurupuka kushika kikaango, alikuwa amechelewa. Mama mkwe akamkamata mkono, akafumbua macho, akaziona pilipili zilivyokuwa nyeusi. Akainama akainusa moja, akainusa tena. Uso ukamshuka.

Mpishi akaingia akikohoa, akauliza kulikoni. Mama mkwe akamjibu bila kupepesa jicho kwamba hizo ni za kuzoesha kikaango, zenyewe ndizo zinakuja.

"Safari hii nasimama hapa hapa nione," mpishi akasema.

Pilipili zilizobaki zilitosha kikaango kimoja tu. Mama mkwe akazimwaga kikaangoni, kisha akasema bila kugeuka, "Njoo unishike mgongo, mwanangu. Umeanza kuniuma."

Mgongo wake haukuwahi kuuma. Mkaza mwana akaweka kiganja katikati ya mabega yale, akausikia moyo wa mama mkwe ukienda mbio. Vumbi. Bado vumbi. Mpishi akasogea karibu, manukato yake makali yakatanda, na kwa muda mkaza mwana hakunusa kingine chochote. Akageuza uso, akavuta pumzi juu ya moto mpaka machozi yakamlenga, na hapo utamu ukaja. Akabonyeza.

Kikaango kikatoka motoni.

Wakatwanga pilipili pamoja na giligilani, bizari nyembamba na chumvi, wakachekecha, wakachanganya na siki ya moto. Mpishi akaonja, akafuta macho kwa mkono wa shati, akaonja tena. Akaagiza chupa mia moja za kuanzia, akaaga.

Mlango ulipofungwa, mama mkwe akaipeleka chupa puani. Akavuta pumzi ndefu mpaka mabega yakapanda, akaishusha chupa, akamkabidhi mkaza mwana.

"Hebu niambie inanukaje," akasema. "Polepole. Usiache kitu."