Abiria Kumi na Wanne

Mtakwimu wa reli alikuwa amekadiria abiria wa mwaka ujao, kituo kwa kituo, na wakubwa wakampigia makofi. Kituo cha nane hakikumsumbua hata kidogo: treni ya asubuhi ilipandwa na watu kumi na wanne, nao walipungua kila mwezi. Akapendekeza treni ipite bila kusimama.

Tangazo lilipobandikwa, dada yake mkubwa alimfuata nyumbani, aproni ya ufuaji bado kiunoni. Alifua mashuka hospitalini, na treni hiyo ndiyo iliyomfikisha kabla ya saa moja. Msimamizi wake hakuwa mtu wa kusikiliza visingizio.

"Hebu niambie, msomi wetu, umetuhesabu kwa vidole vya nani?"

"Dada, makarani walihesabu wiki nzima."

"Walikaa wapi?"

"Ndani, mlangoni mwa behewa."

Dada alicheka, cheko kavu. "Basi kesho uje usimame nje."

Asubuhi mtakwimu akaenda. Treni ilifika imeshiba, watu wamebanana hadi vitasani. Dada aliingia kwa kiwiko na matusi mawili matatu. Wengine kumi na watatu wakajipenyeza nyuma yake, mlango ukafungwa. Mtakwimu akageuka, akawahesabu waliobaki jukwaani. Sitini na watatu! Vituo vya mwanzo vilikuwa vikijaza mabehewa zaidi kila mwezi. Waliopungua hapa walikuwa wanaopata nafasi, si wanaotaka safari.

Akakimbilia kwa mkuu wa idara, ambaye ofisini walimwita Mzee Asilimia.

"Mzee, nimekosea. Walioachwa hatukuwahesabu."

"Asiyepanda si abiria, kijana. Ratiba imeshachapishwa, zamu za madereva zimepangwa. Tutahesabu tena mwakani."

"Mwakani treni haitasimama pale. Tutamhesabu nani?"

Mzee Asilimia alivua miwani, akaifuta polepole kwa tai. "Hilo nalo kweli," alisema. Kisha akavuta faili jingine.

Mtakwimu aliandika barua tatu. Moja tu ilijibiwa, kwa nakala ya makadirio yake mwenyewe, sahihi yake chini.

Jumatatu ratiba mpya ilipoanza, alisimama jukwaani pamoja na dada. Treni ilitokea kwenye kona, ikapiga honi, ikapita. Upepo wake ukawapeperushia vumbi usoni. Watu walitazamana tu, kisha mmoja mmoja wakaanza kushuka ngazi.

"Dada, nitaandika tena. Nitakwenda hadi kwa mkurugenzi."

"Nenda, mdogo wangu." Alikuwa ameshaning'iniza mkoba begani na kuvua viatu ili atembee upesi. "Ila mimi usinisimamishe."

Ilikuwa saa moja kasoro dakika ishirini. Hadi hospitalini kwa miguu ni mwendo wa saa moja na nusu. Hesabu hiyo mtakwimu aliirudia mara tatu akimtazama dada anavyozidi kuwa mdogo kando ya reli, na kila mara ilitoka vilevile.