Ngozi ya Vero

Hebu nikutegee wewe unayenisikiliza: nilimzika akiwa kijani, nikamfukua akiwa wa manjano, na wala hakufa. Ni nani huyo?

Ni ndizi za rubisi, pombe yetu ya ndizi. Huku kwetu Nyakasimbi tunachimba shimo, tunalipasha moto, tunazivundika humo ziive upesi. Kazi hiyo ndiyo iliyomchoma mjukuu wangu Vero, fundi cherehani. Harusi ya binamu yake ilikuwa imekaribia, akawasha majani makavu shimoni. Upepo ukaurusha moto kwenye rundo la pembeni, naye akaupiga kwa mkono usije ukala migomba.

Hospitali walimkata kipande cha ngozi kidogo kama ukucha, kikapelekwa maabara mjini, anakofanya kazi shangazi yake Ainembabazi. Wanakikuza kwenye visahani vyenye maji ya lishe, mpaka kiwe ngozi ya kumfunika mkono. Lakini kilikua polepole mno, na kidonda kilikuwa kinavikunja vidole. Mimi kukaa nilishindwa. Nafagia palipofagiliwa, naosha sufuria safi.

Ndipo Ainembabazi akapiga simu, tukamsikiliza sote.

"Shikamoo mama. Kuna dawa mpya ya kuikuza upesi. Imejaribiwa kwa watu wachache, na wengine ngozi yao ilitoka nyembamba, ikachanika. Vero, mwanangu, tuiharakishe?"



"Haraka ndiyo iliyomchoma!" akafoka Gaudiosus, baba yake Vero. "Sasa mnataka kumvundika kama ndizi?"

"Na vidole vikikunjika," nikamwambia, "utamshonea wateja wewe, usiyeweza hata kutunga uzi?"

"Mama, nawe!"

Vero akaokota sindano mezani. Ikamponyoka. Akaiokota tena, ikamponyoka. Nikainuka, nikakaa, nikainuka.

"Shangazi," akasema, "siku ile kosa halikuwa haraka. Niliuacha moto peke yake, nikaenda barazani kuongea na simu. Hiyo dawa mkishaitia, nani anabaki kuiangalia ngozi?"

"Mimi. Nikiona inakuwa nyembamba, naisimamisha. Kuna sehemu ya kipande chako tumeihifadhi, tutaanza upya. Ila muda utakuwa umepotea."

Gaudiosus akafungua mdomo. Nikamfinya paja.

Vero akavitazama vidole vyake.

"Basi iharakishe," akasema. "Lakini usitoke hapo shimoni, shangazi."