Nani Anaiba Maji ya Kiranja?

Daktari wa meno aliamini vitu viwili tu hapa duniani: picha ya eksirei na Kiranja. Binadamu aliwaachia wenye muda.

Kiranja hakuwa mtu. Alikuwa kisanduku cheusi kilichobanwa ubavuni mwa kabati pale sebuleni, na juu ya kabati hilo lilikaa tangi la kioo lenye maji ya chumvi na matumbawe hai. Jina alipewa na Binti, aliyerudi likizo kutoka shule ya bweni na kumtazama akifanya kazi kwa siku nzima.

"Anachungulia kila kitu, anaripoti kila kitu, hacheki," alisema Binti. "Huyu ni kiranja wetu wa bweni kabisa, ila huyu hatunyang'anyi sukari."

Jina likaganda. Kiranja alipima joto la maji, chumvi na uchachu. Taa aliziwasha yeye, mawimbi aliyatengeneza yeye. Maji ya tangi yalipopungua kwa kukauka, aliiamuru pampu ndogo ivute maji yasiyo na chumvi kutoka kwenye ndoo ya akiba iliyofichwa kabatini, maji yaliyochujwa mpaka yakakosa hata ladha. Kisha alimpasha Daktari habari zote kwenye simu. Nyuma ya kioo matumbawe ya zambarau na kijani yalipepea kwa raha zao, na samaki mmoja wa rangi ya chungwa, aitwaye Meya, alitoka kumkagua kila aliyekaribia, kisha akarudi ndani bila kutekeleza lolote.

Kisa kilianza pale ndoo ya akiba ilipoanza kupungua kuliko desturi. Zamani ilimaliza wiki. Sasa katikati ya wiki pampu ilikuwa inakoroma, inavuta hewa. Daktari akabandika utepe kwenye ndoo, usawa wa maji. Kesho yake maji yalikuwa yameuacha utepe mbali juu. Akamuuliza Kiranja. Kiranja akasema joto ni lile lile, chumvi ni ile ile, tangi halijazidi hata kidogo.

Maji hayana miguu, Daktari akawaza. Yakitembea, yamebebwa.

Washukiwa hawakuwa wengi. Binti alikuwa na rekodi mbaya, maana aliwahi kulipaka rangi ya mdomo taya la plastiki la kliniki na mgonjwa mmoja akakimbia. Lakini maji yalianza kupotea shule zikiwa bado hazijafungwa. Mkewe alikuwa hakimu, mtu wa kutoka asubuhi na mafaili kurudi jioni na mafaili mengine. Akabaki Mama Mkwe, aliyehamia chumba cha wageni huku nyumba yake ikiezekwa upya. Alikuja na sanduku, mto wake mwenyewe, na pasi ya mvuke.

Pasi ya mvuke! Daktari alikijua kijitabu cha pasi za namna ile: zinataka maji yaliyochujwa. Na Mama Mkwe alipiga pasi kila kitu, hata taulo, hata soksi za Daktari, ambazo tangu zinunuliwe hazijawahi kuheshimiwa namna ile.

Tena asubuhi moja, kabla nyumba haijaamka vizuri, alimkuta karibu na kabati ameinama. Mama Mkwe alishtuka, akaficha kitambaa kilicholowa nyuma ya mgongo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Umeamka mapema leo."

"Kiu tu, Mama."

"Ee, kiu," alisema Mama Mkwe, akapita akiambaa na ukuta, uso kwa mkwewe, kitambaa nyuma, maji yakidondoka nyuma yake tone kwa tone.

Mtu mwingine angeuliza. Lakini hawa wawili waliishi kwa adabu iliyokolea kama wino. Daktari alikohoa kabla ya kuingia sebuleni kwake mwenyewe. Mama Mkwe naye alikuwa na gego bovu tangu afike, akitafunia upande mmoja tu, kwa sababu haiwezekani mama mzima kuachama mbele ya mume wa bintiye. Alisema ataenda kwa daktari wa mbali. Basi mkwe hamuulizi mkwe. Daktari akaona hapa panahitajika mashine ya kuuliza kwa niaba yake.

Bahati mbaya, Kiranja alikuwa amebakiwa na tundu moja tu la kuchomekea kifaa.

"Tundu moja, kifaa kimoja, na ndiyo mwisho," Hakimu alisema akivua viatu. "Sebule si maabara. Nunua kile cha kuhisi maji yakivuja. Si ndicho wanachoshauri wote?"

"Hapa hakuna kinachovuja. Hapa kuna mwizi."

"Mwizi wa maji? Nani?"

Daktari alitazama tu upande wa chumba cha wageni, ambako pasi ilikuwa inafyonza na kufoka. Hakimu akaufuata ule mtazamo mpaka mwisho wake, akaweka kiatu chini polepole.

"Sikia, Daktari. Ukimtuhumu mama yangu na ikawa si kweli, tangi hilo linatoka nyumba hii. Meya na baraza lake lote."

"Na ikiwa kweli?"

"Utakuwa umeshinda kesi. Kuhusu mke, sikuahidi kitu."

Dukani, muuzaji mwenye ndevu zilizochanwa vizuri alivipanga vifaa juu ya kaunta kama mganga anayeanza kazi. Kulikuwa na pampu ya kudondoshea matumbawe dawa ya chokaa, na kopo linalolisha samaki lenyewe. Kulikuwa na kihisi cha uvujaji, chembamba kama biskuti, cha kulazwa sakafuni. Na pembeni kabisa, kihisi cha mlango wa kabati.

"Kwa tundu moja, chukua hiki biskuti," alisema muuzaji. "Kila mtu huanza nacho."

Neno hilo likamtia Daktari shaka. Yeye mwenyewe huwaambia wagonjwa kwamba kila mtu husafisha meno kwa mashine, na anajua kwa nini huwaambia.

"Hiki cha mlango kinafanya nini?"

"Ukifungua kabati, taa ya ndani inawaka, pampu inasimama usije ukalowa."

"Kinaweza kutuma ujumbe?"

"Kwa nani?"

"Kwangu."

"Kukuambia kwamba umefungua kabati lako?" Muuzaji alikuna ndevu. "Una watoto watundu nyumbani, mzee?"

"Nina mama mkwe."

Muuzaji alikifunga kifaa kwenye mfuko.

Mtego ulinasa mapema. Daktari alikuwa kliniki, mikono miwili mdomoni mwa mgonjwa aliyejazwa pamba, simu ikatetemeka. *Mlango wa kabati umefunguliwa.* Akashusha pumzi ndefu. Mgonjwa akadhani habari ni za jino lake, macho yakamtoka. *Mlango wa kabati umefungwa.* Kesho yake hivyo hivyo, na keshokutwa, Hakimu akiwa kazini na Binti bado amelala kama gunia. Daktari aliziweka jumbe zile kama mtu anayeweka akiba, na nyumbani akazidi kuwa mpole. Mpole kupindukia. Alimkaribisha Mama Mkwe chai kwa sauti ambayo Meya mwenyewe aliitilia shaka.

Jumapili, wakiwa wote mezani kwa chakula cha mchana, akaanza kwa mbali.

"Pasi za siku hizi zinakunywa maji, eti Mama?"

"Zinakunywa, baba. Kama zimefunga safari ya jangwani."

"Maji ya bomba? Au maji… mengine?"

Binti aliweka kijiko chini kwa furaha ya mtu aliyelipia kiti cha mbele. Hakimu alisema, "Daktari," kwa sauti ile ya kunyamazisha mahakama. Lakini Daktari alikuwa ameshatoa simu.

"Mheshimiwa, ushahidi huu hapa. Kiranja hasemi uongo. Kila asubuhi kabati linafunguliwa, na kila asubuhi ndoo inapungua. Mama, kwa heshima zote, yale maji unayapeleka wapi?"

Pampu ilikoroma kabatini.

"Chooni," alisema Mama Mkwe. "Nakamua kitambaa, namwaga chooni."

"Maji gani?"

"Unayoyamwaga wewe, baba." Aliangalia sahani yake. "Asubuhi ya kwanza nilipoamka hapa nilikuta maji yanatoka chini ya kabati. Nikasema, mkwe wangu amejaza ndoo, mkono umeteleza. Binti yangu namjua, akiona sakafu ya mbao imelowa hangoji kusikiliza upande wa pili. Nikafungua kabati, nikafuta mpaka ndani. Kesho yake tena. Nikasema, masikini, huyu mkono wake ni mzito, na siku nzima anashika meno ya watu. Sasa ningekwambiaje? Mkwe haambiwi. Mkwe anasitiriwa."

"Na pasi, Bibi?" Binti aliuliza.

"Natia ya bomba. Yale ya baba yako yananitisha. Maji gani hayana ladha?"

Daktari alipiga magoti mbele ya kabati, akaingiza mkono nyuma ya ndoo. Mpira wa pampu ulikuwa umelegea kwenye kiungio, unadondosha tone, unapumzika, unadondosha jingine. Akabonyeza ubao wa sakafu kwa kidole gumba. Kidole kikazama. Alikuwa ameshabonyeza vitu laini namna ile maelfu ya mara, na kila mara alimwambia mwenyewe: ungekuja mapema. Mguu wa kabati ulikuwa umedidimia. Ndiyo maana, kumbe, mstari wa maji kwenye kioo ulikuwa umekaa mshazari siku zote hizi. Yeye alidhani ni miwani yake.

Juu ya kichwa chake Kiranja aliwasha taa ya kijani. Yote yalikuwa salama. Mambo ya sakafu hakuulizwa.

Mchana ule tangi lilipunguzwa maji kwa ndoo, mabeseni na jagi la juisi, kabla mguu haujazama zaidi. Meya aliwekwa kwenye sufuria, akalikagua, hakutekeleza lolote. Tumbawe kubwa la zambarau, ambalo Daktari alilikuza kutoka kipande cha ukubwa wa ukucha, lilijikunja ndani ya beseni na halikufunguka tena. Alisimama juu yake muda mrefu, taulo begani, na hata Binti hakupata la kutania.

"Msamehe," Mama Mkwe alimwambia bintiye. "Tangi libaki."

"Mama, wewe ndiye mlalamikaji," alisema Hakimu. "Huwezi kumtetea mshtakiwa."

Hukumu ikasimama. Tangi likahamia kliniki, chumba cha kusubiria, juu ya vigae. Kihisi cha mlango kiling'olewa, na kwenye tundu lile Daktari akachomeka biskuti. Nyumbani aliendelea kukohoa kabla ya kuingia sebuleni, ingawa sasa hapakuwa na kitu cha kutazama humo zaidi ya ubao mpya usiofanana na wenzake.

Asubuhi moja mlango wa kliniki ulifunguliwa, akaingia Mama Mkwe, shavu limevimba, mkoba kwapani. Hakuketi. Alienda moja kwa moja mpaka kwenye tangi. Meya akatoka kumkagua. Mama Mkwe akainama kwa shida, akatoa kitambaa mkobani, akapangusa kigae chini ya kabati, akakitazama kitambaa mbele na nyuma.

"Pakavu," alisema.

"Pakavu, Mama."

"Umefuta sasa hivi?"

"Sijafuta, Mama. Haki ya Mungu."

Alimtazama kwa muda, mpaka Daktari akahisi yeye ndiye mwenye jino bovu. Kisha akaingia ndani, akapanda kwenye kiti, akakunja kile kitambaa juu ya magoti. Macho yake yakapita kwenye trei, chombo kimoja baada ya kingine.

"Na hicho chenye ncha," alisema, "kazi yake hasa ni nini?"

Daktari akamweleza. Kila chombo, bila kuruka hata kimoja. Aliporidhika, Mama Mkwe alifumba macho kwa nguvu, akaachama.